Kwa nini kengele ya simu haimkumbushi bibi dawa?

Mzee akianza kusahau, familia nyingi za Moshi humtegeshea simu ilie saa ya dawa. Simu inalia, bibi anaisikia vizuri, anageuka kutafuta nani anapiga. Kidonge kinabaki mezani. Basi wapo watakaosema ni ukaidi, na wengine watasema uzee ndivyo ulivyo.

Si ukaidi, wala si uzee. Huenda ni demensia, ugonjwa wa ubongo unaofifisha kumbukumbu, na wazee wengi hawaupati. Utafiti wa wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2013 ulikadiria kuwa wanaougua ni takriban 6 katika kila watu 100 wenye miaka 70 na zaidi. Hao 94 wengine nao ni wazee! Inauma kuona bibi akigombezwa kwa jambo lisilo katika uwezo wake.

Alzheimer, aina ya demensia inayowapata wengi zaidi, kwa kawaida huanza kuharibu hipokampasi, sehemu ya ubongo inayosajili mambo mapya. Fikiria ghala la kahawa la chama cha msingi ambalo karani wake ameugua. Magunia ya misimu iliyopita bado yamepangwa ndani. Gunia la leo linaachwa mlangoni bila kuandikwa, na kesho hakuna anayejua kama lilifika. Ndiyo maana bibi anakutajia mipaka yote ya kihamba, shamba la ukoo, na kuimba nyimbo za kipaimara, lakini maana ya mlio uliotegeshwa juzi haishiki, hata aelezwe mara kumi.

Kwa hiyo kifaa kimfae zaidi anayemtunza. Kengele ilie kwenye simu ya mkamwana, naye apeleke kidonge na maji. Kwa bibi anayetoka usiku, kuna kengele ya sumaku: kipande kimoja mlangoni, kingine kwenye fremu. Mlango ukifunguliwa vinaachana, kengele inalia chumbani kwa mkamwana. Faida yake kubwa ni usingizi, maana bila hiyo analala akisikilizia kila mkwaruzo, na asubuhi ng'ombe wanasubiri majani.

Vifaa vya kufuatilia alipo mgonjwa vinahitaji chaji, mtandao, na bibi akubali kuvivaa. Utafiti mwingi wa vifaa hivyo umefanyika nchi tajiri, hivyo kwenye makorongo ya Kibosho visitegemewe peke yake.

Kwa mtunzaji mwenyewe, Shirika la Afya Duniani lilizindua mwaka 2019 mafunzo ya mtandaoni yaitwayo iSupport. Yanafundisha namna ya kumhudumia mgonjwa na kukabili mabadiliko ya tabia, na yana sehemu nzima ya afya ya anayetunza. Yapo pia kama kitabu, kwa nyumba zisizo na intaneti.