Je, wajua kwa nini pedi moja tu inaweza kuanza kuziba choo, na itupwe wapi?

Chukua pedi mpya, ichane katikati juu ya meza. Tabaka la juu lenye vitundu, linalogusa ngozi, watu wengi hudhani ni pamba. Mara nyingi ni nyuzi za plastiki zilizogandamizwa. Chini yake kuna sufi nyeupe inayotokana na mbao. Ikung'ute sufi hiyo juu ya sahani ya rangi nyeusi na kwa pedi nyingi nyembamba za siku hizi zitadondoka punje ndogo zinazometa mithili ya sukari. Mwisho kuna ngozi ya polithini isiyopitisha maji, yenye mstari wa gundi kwa nje. Sasa zimwagie zile punje kijiko cha maji ya kunywa. Muda si mrefu maji hayaonekani tena, imebaki jeli, na hata ukiinamisha sahani haimwagiki.

Punje hizo ni sodiamu poliakrileti, na ndizo zinazoifanya pedi iwe nyembamba bila kuvuja. Jambo la kuangalia ni hili: gramu moja ya punje ikikutana na maji safi kabisa inaweza kunyonya mamia ya gramu. Ikikutana na maji yenye chumvi kama ile ya damu, hunyonya gramu 30 hadi 50 hivi. Maji ya bomba yako katikati. Maana yake ni kwamba pedi iliyotumika mchana kutwa, hata ukiiona imejaa, bado ina nafasi kubwa ya kuvimba ikitumbukia kwenye maji ya choo. Pedi nene za bei ya chini nyingine hazina punje, zina sufi tupu, lakini nazo zina ile plastiki ya juu na ya chini, na gundi yake.

Karatasi ya chooni inapita kwa sababu nyuzi zake ni fupi na zimeshikana kidogo tu, zikilowa zinaachana. Pedi imetengenezwa kwa kusudi la kinyume: ikilowa isichanike, isiachie maji, isihame ilipobandikwa. Sifa hizohizo tatu unazozilipia dukani ndizo zinazokwenda kukaa kwenye kona ya choo, pale bomba linapopinda ili maji yabaki kuzuia harufu.

Mara nyingi haizibi siku ileile. Pedi ya kwanza inapita kona, inakwenda kubandika kwenye maungio ya bomba la inchi 4 kuelekea kwenye chemba. Nywele zinanasa hapo, karatasi zinanasa, pedi ya pili inajiunga. Wiki kadhaa baadaye maji yanarudi juu, na katika nyumba ya kupanga anayelaumiwa ni yule aliyevuta maji mara ya mwisho.

Dar es Salaam mtandao wa mabomba ya majitaka wa DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, unaopeleka maji kwenye mabwawa kama ya Vingunguti na Kurasini, unafikia sehemu tu ya jiji. Nyumba nyingi zina shimo au septiki uani. Kwenye septiki, pedi huelea na kuganda kwenye bomba la umbo la T linalotoa maji kwenda shimo la kunywea. Tundu hilo likiziba, tangi linajaa ingawa halijafika muda wake. Kwenye choo cha shimo hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa hakuna kinachoonekana kuziba, na watu wanaona shimo limemeza. Plastiki haiozi. Gari la majitaka likija linavuta kilicho laini, mpira wake unanasa matambara na pedi, na wafanyakazi inabidi wavue kwanza kwa chuma chenye ndoano kabla ya kuendelea kunyonya. Mitaa ambayo gari haliingii, kama sehemu za Tandale na Manzese, ambako pampu ya mkono hutumika, kazi hiyo ni ngumu zaidi. Kinachoshindikana kuvuliwa kinabaki chini, ndiyo maana shimo lililonyonywa linajaa upesi kuliko mwanzo.

Kuchoma uani?

Wengi huchoma, na sababu si uchafu peke yake. Wapo wanaoogopa damu yao isiangukie mikononi mwa mwenye nia mbaya. Hofu hiyo haiondoki kwa kuchekwa. Ila moto wa uani haumalizi kazi. Pedi mbichi lazima kwanza ikauke ndani ya moto, na joto linaishia kukausha maji ya jeli. Plastiki inayeyuka na kudondoka, moshi mweusi unaingia kwa jirani, na asubuhi unakuta kipande cha katikati kimebaki kimeungua kingo tu. Tanuri zinazojengwa kwa ajili ya taka za hospitali hulenga joto la zaidi ya nyuzi 800 za selsiasi. Majani makavu na mafuta ya taa hayafiki huko. Kwa mwenye hofu ile, njia ya uhakika zaidi ni kuifunga isitambulike, kuichanganya katikati ya taka nyingine na kuitoa siku gari la taka linapopita.

Kuzika nako hakufai kwa pedi za dukani. Mchanga wetu ni mwepesi, mbwa hufukua, na masika ikija maji ya chini yanapanda hadi karibu na uso wa ardhi maeneo ya mabondeni.

Basi njia ni ya taka kavu, na ufundi wake uko kwenye kufunga

Anza na pedi mpya. Ifungue kwanza, kwa sababu ganda lake ndilo utakalofungia iliyotumika. Ivue ya zamani kuanzia mbele, ishike kwenye ukingo usio na damu, kisha ikunje kama mkeka kutoka ncha moja hadi nyingine, upande wenye damu ukiwa ndani. Gundi ya mgongoni itaishika isifunguke. Kama ina mabawa, yazungushe juu ya mkunjo. Iweke ndani ya lile ganda, kunja ncha zote mbili, bandika kwa kile kijikaratasi cha gundi. Ganda likipotea, nusu ukurasa wa gazeti unatosha. Karatasi ya chooni haitoshi hata ukizungusha mara tano, kwani inalowa na kuchanika ndani ya dastibini, kisha mwenye kumwaga taka ndiye anayeokota kwa mkono. Nawa kwa sabuni, na usisahau koki uliyoishika.

Mifuko ya plastiki, yaani rambo, ilipigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019, na baadhi ya watu walirudi kutupa shimoni kwa kisingizio hicho. Mfuko wa mkate, pakiti tupu ya unga, boksi la sabuni ya unga, vyote vinaweza kubeba mikunjo ya siku nzima.

Dastibini ya chooni iwe na mfuniko, ya kukanyaga kama uwezo upo, lita 5 hadi 10. Ndoo tupu ya rangi ya lita 4 yenye mfuniko wake inafanya kazi hiyohiyo kwa mwenye chumba kimoja. Tandika gazeti chini. Pedi nne kwa siku kwa siku tano ni 20, kwa hiyo nyumba yenye wanawake watatu inatoa kama 60 kwa mwezi, na wakati mwingine siku zao zinakutana. Usingoje ijae. Damu ikitoka tu haina harufu kali. Bakteria ndio wanaoitengeneza, na kwa joto la Dar wanaianza kazi saa hiyohiyo. Mayai ya nzi nayo yanaweza kuanguliwa ndani ya siku moja. Kumwaga kila siku, au ikizidi sana kila baada ya siku mbili, ndiko kunakozuia funza. Dawa ya kunyunyizia haizuii.

Mara moja kwa wiki ioshe ndoo kwa sabuni, kisha ipake maji ya klorini: klorini ya kimiminika yenye asilimia 3.5 (soma lebo), kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji, iache dakika 10, suuza, anika juani. Usiichanganye na dawa ya choo yenye asidi, wala usiimwage juu ya mkojo. Gesi inayotoka inabana kifua, na vyoo vyetu vingi ni vidogo, dirisha ni matundu mawili ya tofali.

Choo cha pamoja kina shida yake: kila mtu anatumia ndoo, hakuna anayemwaga. Zamu ya kumwaga iandikwe pamoja na zamu ya usafi, na ndoo anunue mwenye nyumba. Gharama yake haifikii ya kuita gari la majitaka mara moja zaidi.

Taka zikitoka nje, adui wa kwanza ni kunguru. Kiroba kilichowekwa barazani usiku, alfajiri wamekwisha kukichana na pedi ziko njiani. Kitoe guta au gari linapofika, mdomo ukiwa umefungwa. Mbele ya safari, hadi dampo la Pugu Kinyamwezi, kuna watu wanaochambua chupa kwa mikono. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata kwenye damu iliyokauka. VVU ni dhaifu zaidi nje ya mwili. Kwa sababu hiyo pedi zifungwe imara, na wembe au sindano visiwekwe humo.

Je, ioshwe kwanza kabla ya kutupwa? Pwani wengi huosha, wakifuata walivyofundishwa na mama zao, enzi za vitambaa. Pedi ya dukani haihitaji. Maji yanaivimbisha, inakuwa nzito, gazeti linalowa na harufu inazidi. Asiyeweza kuacha kwa sababu ya imani, amwage maji kidogo juu yake akiwa ameishikilia juu ya choo bila kuikamua wala kuichana, aiache ichuruzike, kisha aifunge tabaka mbili.

Na ikiwa imekwisha kutumbukia? Usivute maji. Vaa glavu au mfuko mkononi, itoe. Ikiwa imepita kona, acha kutumia choo hicho, fungua chemba iliyo karibu na uivute kutoka upande huo kwa waya wenye ndoano. Kusukuma kwa maji ya nguvu kunaipeleka tu mbele, pengine chini ya sakafu ya zege, na hapo fundi bomba atataka kuvunja. Maji ya moto na asidi havisaidii. Chumvi ya kupikia inaweza kuifanya jeli iachie maji hadi ikasinyaa, lakini plastiki itabaki palepale.

Tamponi hufungwa vivyo hivyo. Pampasi ya mtoto pia, baada ya kumwaga kinyesi chooni. Anayetumia kikombe cha hedhi cha silikoni anamwaga damu chooni na kusuuza, hana cha kutupa kwa miaka kadhaa. Pedi za kufua ziloweke maji baridi kwanza, kwani ya moto hugandisha damu kwenye nyuzi, kisha sabuni, na zianikwe juani wazi badala ya kufichwa chini ya kanga nyingine. Zikichakaa, zile zenye tabaka la plastiki ndani zinakwenda njia ileile ya gazeti na dastibini.