Dalali wa mnunuzi si dalali wako

Nilifanya udalali wa nyumba kwa miaka mingi kabla ya kuanza kuwashauri wenye nyumba wanaouza wenyewe. Swali ninaloulizwa kuliko yote halihusu bei wala tangazo. Ni hili: "Nimeamua kuuza bila dalali, sasa mbona simu zote zinazoingia ni za madalali?"

Simu hizo ni za aina mbili. Ya kwanza ni ya dalali anayetafuta kazi. Ameliona tangazo lako, anakwambia, "Bosi, nina mteja wa uhakika, hela iko tayari," lakini shabaha yake ni umsainie mkataba wa kukuuzia nyumba peke yake kwa miezi kadhaa. Mteja huyo mara nyingi hayupo. Kumpima ni rahisi: mwambie amlete kesho, na kwamba uko tayari kuandikiana naye makubaliano ya mteja huyo mmoja tu. Mwenye mteja atauliza aje saa ngapi. Asiye naye ataanza kukuhadithia hatari za kuuza peke yako.

Aina ya pili ndiye dalali wa mnunuzi hasa. Huyu ana mtu anayemzungusha kuangalia nyumba, na nyumba yako imeingia kwenye orodha yao. Usimfukuze. Wanunuzi wengi, hasa wanaonunua kwa mara ya kwanza au kwa mkopo wa benki, hawaendi popote bila dalali wao. Tangazo lenye maneno "madalali wasisumbue" linawafungia mlango na wao pia. Cha muhimu ni ujue unaongea na nani.

Unaongea na mtu wa upande wa pili. Hata kama kamisheni yake itatoka mfukoni mwako, kazi aliyopewa ni kumtetea mnunuzi, na kila unachomwambia kitafika kwa mnunuzi. Wauzaji wengi wanalikubali hili kwa kichwa, kisha siku ya kuonyesha nyumba wanalisahau kabisa. Mnunuzi anapanda ghorofani kuangalia vyumba, dalali anabaki nawe jikoni, anafungua bomba, anagonga ukuta kidogo, anasifu dirisha. Halafu, kama mtu anayepiga stori tu: "Mnahama lini, mama?" "Mmeshapata ofa nyingine?" "Hii bei ndiyo ya mwisho?" Ukijibu kwamba mume wako ameshahamishwa kikazi na mnalipia nyumba mbili, umemkabidhi punguzo kabla hajaliomba.

Usidanganye. Uongo kuhusu ofa nyingine unaweza kukugeukia, na kuficha kasoro unayoijua kunaweza kukupeleka mahakamani. Lakini hulazimiki kujibu kila swali. "Tarehe ya kuhama tutapanga na atakayenunua." "Bei ni ile iliyo kwenye tangazo, leteni ofa kwa maandishi niiangalie." Majibu mawili hayo yanatosha ziara nzima. Kama wewe ni mtu wa maneno mengi, na wapo, ndugu yako mkimya ndiye aonyeshe nyumba.

Kuna jambo moja kuhusu hesabu za dalali ambalo wauzaji hawalitumii ipasavyo. Chukulia kamisheni yake ni asilimia 2.5 na mnavutana juu ya tofauti ya 10,000. Kwako hiyo ni 10,000 kamili. Kwake ni 250. Ndiyo maana, kwa uzoefu wangu, dalali wa mnunuzi anapigania dili lifungwe kuliko anavyopigania bei. Ukiona anakusukuma ushuke, jua kwamba upande wa pili naye kuna uwezekano anamsukuma mteja wake apande. Mpe sababu za kwenda kumpandisha: risiti za paa jipya, ripoti ya mthamini, bei za nyumba za jirani zilizouzwa karibuni. Anazihitaji kuliko anavyoonyesha.

Sasa nani amlipe? Hapa sheria na desturi zinatofautiana. Uingereza, kwa kawaida muuzaji humlipa dalali wake tu, na mnunuzi anayetaka mtu wa kumtafutia nyumba humlipa mwenyewe. Marekani, kwa miaka mingi muuzaji alilipa kamisheni ya jumla, kwa kawaida asilimia 5 hadi 6, ikagawanywa kati ya dalali wake na wa mnunuzi. Baada ya kesi kuhusu kamisheni hizo iliyoamuliwa Kansas City mwezi Oktoba 2023, chama cha madalali wa nyumba cha Marekani, National Association of Realtors, kilikubali Machi 2024 kulipa dola milioni 418 na kubadili taratibu zake. Tangu tarehe 17 Agosti 2024, malipo ya dalali wa mnunuzi hayaruhusiwi kutajwa kwenye kanzidata za pamoja za nyumba ambazo madalali huzitumia, na mnunuzi anatakiwa asaini makubaliano na dalali wake kabla hawajaenda kuona nyumba. Makubaliano hayo lazima yataje kiasi au asilimia, na dalali haruhusiwi kupokea zaidi ya hapo, hata fedha itoke kwa nani.

Kwa anayeuza mwenyewe, kipengele hicho cha mwisho ni silaha. Dalali akikwambia "mimi huwa nachukua asilimia 3," muulize: mmeandikiana ngapi na mteja wako? Hata pale ambapo sheria haimlazimishi kukuonyesha, swali lenyewe linamweka sawa. Na muuzaji ana haki ya kusema halipi chochote; mnunuzi naye ana haki ya kuleta ofa yenye sharti kwamba umlipie dalali wake. Yote ni mazungumzo, kwa hiyo usitoe ahadi ya asilimia kwenye simu ya kwanza. Sema: "Leteni ofa, tutaiangalia kwa jumla."

Na kuiangalia kwa jumla maana yake ni kuangalia kitakachobaki mkononi. Ofa ya 300,000 inayotaka umlipe dalali asilimia 2.5 inakuachia 292,500. Ofa ya 294,000 ya mnunuzi asiye na dalali inakuzidishia 1,500, ingawa kwenye karatasi inaonekana ndogo. Kisha uliza ya pili: huyu analipaje? Mwenye barua ya benki ya idhini ya awali ya mkopo si sawa na mwenye maneno matupu. Hapa, tuseme ukweli, dalali mzuri wa mnunuzi anakufaa hata wewe, kwa sababu ameshamchuja mteja wake na atamkimbiza alete nyaraka kwa wakati. Nimeona wanunuzi wasio na dalali wakikwama wiki nzima kwa kutojua benki inataka karatasi gani.

Ukikubali kulipa, andikianeni ukurasa mmoja. Utaje jina la mnunuzi, nyumba yenyewe, kiasi cha kamisheni na tarehe ya kuisha. Useme wazi kwamba dalali anamwakilisha mnunuzi na si wewe. Sentensi isiyotakiwa kukosekana ni hii: kamisheni italipwa tu mauziano yakikamilika na fedha yako ikiingia. Bila hiyo, kuna madalali watakaodai kwamba kazi yao ilikwisha siku walipoleta mtu aliye tayari kununua, hata kama benki ilimkatalia baadaye. Wakili wa mauziano aupitie. Ukurasa mmoja haumchukui muda.

Jihadhari pia na cha juu. Dalali anakuuliza, "Wewe unataka ngapi mkononi?" kisha anamtajia mnunuzi bei nyingine, na tofauti inaishia kwake bila ninyi wawili kujua. Dawa yake ni bei iandikwe kwenye tangazo, ofa iwe ya maandishi yenye sahihi ya mnunuzi mwenyewe, na siku ya kusaini mkataba bei isomwe mbele ya pande zote mbili. Arubuni, yaani malipo ya awali ya mnunuzi, nayo isipitie mkononi mwa dalali. Ikae kwa wakili au kampuni inayoshikilia amana.

Mwisho ni daftari la wageni. Kila anayeingia kuona nyumba, andika jina lake, tarehe, na aliyemleta. Ugomvi mbaya kuliko wote katika biashara hii ni wa madalali wawili wanaodai mteja mmoja, au wa dalali anayeibuka baada ya mauziano na kusema mnunuzi aliyekuja kwako "moja kwa moja" aliiona nyumba kupitia kwake. Kwa hiyo mnunuzi akija peke yake, muulize kama ameshasaini na dalali yeyote, na jibu lake liingie kwenye mkataba kama tamko lake, pamoja na kifungu kwamba dalali wake akijitokeza na madai, mnunuzi ndiye atakayemlipa.