Mla vingi na mla kimoja: mwewe wa Bagamoyo na tai wa Haast

Wachuuzi wakianza kupara samaki sokoni Bagamoyo, mwewe hawakawii. Hushuka, hunyakua utumbo kwa kucha na kuula hukohuko angani. Utumbo ukikosekana, kuna panya, panzi, kumbikumbi, mzoga, au kifaranga cha mtu. Kiumbe wa namna hii ni mla vingi. Mla kimoja ni yule ambaye umbo na maisha yake vimefungwa kwenye windo la aina moja.

Kwa mla kimoja, sioni mfano unaomshinda tai wa Haast wa New Zealand, ambaye sasa hayupo tena. Jike lake lilikuwa na kilo 10 hadi 15. Mwewe wetu kwa kawaida hafikishi hata kilo moja. Tai huyo aliwinda moa, ndege wasioruka ambao wakubwa wao walizidi kilo 200, na mifupa ya nyonga za moa imekutwa na matundu ya kucha zake.

Tai huyo alipataje ukubwa ule? Visiwa vile havikuwa na chui wala fisi. Wanyama wa kunyonyesha wa nchi kavu walikuwa popo tu. Nafasi ya mwindaji mkuu ilikuwa wazi, ndege akaishika. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba ndugu zake wa karibu ni tai wadogo, akiwemo mmoja wa Australia mwenye uzito wa kilo moja hivi.

Kisha Wamaori, watu wa kwanza kuishi katika visiwa hivyo, wakafika mnamo karne ya 13. Waliwinda moa, wakachoma misitu, na haikupita miaka 200 moa wakaisha. Tai akaisha nao. Mtaalamu wa miamba Julius von Haast alimweleza kitaalamu mwaka 1872 kwa mifupa iliyofukuliwa kwenye kinamasi.

Watu husema mwewe amesalimika kwa ujanja. Ujanja anao, lakini binadamu huyuhuyu aliyemmalizia tai chakula ndiye anayemwagia mwewe utumbo na takataka, kuanzia Afrika na Ulaya hadi Asia na Australia.

Si kila ndege yuko upande mmoja au mwingine. Furukombe, kwa mfano, yuko katikati: hutegemea zaidi samaki, ila samaki wakiadimika hukamata hata ndege wa majini.