Kinanda cha Störmthal: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ukimtaja Johann Sebastian Bach, mtunzi wa muziki wa Ujerumani, wengi huwaza makanisa makubwa ya mji wa Leipzig. Kinanda cha kijijini wanadhani hakikuwa hadhi yake. Sivyo. Alikuwa hajamaliza nusu mwaka Leipzig alipokwenda Störmthal, kijiji jirani cha jimbo la Saxony, akakagua kinanda kipya cha mabomba cha kanisa la hapo na kukizindua tarehe 2 Novemba 1723. Mfadhili alikuwa bwana wa kijiji, Statz Hilmor von Fullen.

Inasimuliwa pia kwamba Bach alitunga muziki mpya kwa siku hiyo. Kumbe kantata iliyoimbwa, yaani utungo wa waimbaji na ala, namba BWV 194 katika orodha ya kazi zake, sehemu kubwa ni muziki wake wa zamani wa Köthen, alikofanya kazi kabla ya Leipzig, wa kumpongeza mtawala, uliovishwa maneno ya ibada. Wanakwaya wetu wanaoazima tuni ya zamani kila harusi ikikaribia hawana haja ya kuona haya.

Wengine hudhani kila kinanda kizuri cha Saxony cha enzi ile ni cha fundi maarufu Gottfried Silbermann. Hiki alikiunda Zacharias Hildebrandt, mwanafunzi wake, ambaye baadaye walizozana juu ya haki ya kupokea kazi za vinanda.

Na ukubwa je? Kina safu moja tu ya vibonye vya mikono, pedali za miguu, na rejista 14, yaani seti za mabomba, kila moja na sauti yake. Hakuna umeme katika kutoa sauti: ukibonyeza, vijiti vyembamba vya mbao huvuta vali, upepo unapanda kwenye bomba. Zamani upepo huo ulitokana na mivukuto iliyoendeshwa na mtu wa pembeni. Yeye akisinzia, hata Bach angebonyeza mpaka achoke bila kusikia kitu. Jina la mtu huyo halisomwi kwenye uzinduzi wowote, na mimi naona ni dhuluma.

Halafu kuna dhana kwamba adui wa makanisa ya kale ya Ujerumani ni vita tu. Upande huu kulikuwa na mgodi wa makaa wa Espenhain. Kijiji jirani, Magdeborn, kilibomolewa pamoja na kanisa lake miaka ya 1970 kupisha machimbo. Shimo lile leo ni ziwa. Kanisa la Störmthal lilinusurika, na kinanda chake kimebaki karibu kama Hildebrandt alivyokiacha. Bado kinapigwa.