Je, wajua kwa nini muhogo mchungu haujiui kwa sumu yake?

Muhogo mchungu ukiula mbichi unaweza kukuua, hili watu wa pwani, wa kanda ya ziwa na wa Kongo wanalijua toka utotoni. Sumu yenyewe ni sayanaidi, ndugu wa ile dawa ya kuchenjulia dhahabu migodini. Sasa jiulize, mmea huo umebeba sumu kuanzia majani hadi mizizi, unakaa nayo shambani mwaka na zaidi, na bado unastawi hata kwenye mchanga ambao mahindi yamekataa kabisa. Mbona haufi?

Jibu fupi: ndani ya muhogo ulio hai hiyo sayanaidi karibu hamna. Kilichopo ni vitu viwili ambavyo kila kimoja kikiwa peke yake hakimdhuru mmea, na vimewekwa sehemu mbili tofauti kiasi kwamba havikutani mpaka mtu au panya au kiwavi aje avunje. Ni kama njiti ya kiberiti na ule ukanda wa pembeni wa boksi, vinakaa pamoja miezi bila moto. Na ili uelewe zinakaaje mbalimbali lazima uingie ndani ya seli, huko ndo mambo yote yalipo.

Seli ya mmea ina vitu vitatu ambavyo seli ya mnyama haina. Cha kwanza ukuta mgumu wa selulosi unaoizunguka nje, cha pili kloroplasti zinazotengeneza sukari kwa mwanga wa jua (hizi utazikuta kwenye majani, kwenye mzizi ulio chini ya udongo hamna haja nazo), na cha tatu vakuoli kubwa ya katikati, yaani mfuko uliojaa majimaji. Hiyo vakuoli watu wengi huwa wanaipita haraka, wanasema tu "inahifadhi maji" alafu wanaendelea, wakati kwenye seli iliyokomaa inaweza kushika hadi asilimia 90 ya ujazo wote, yaani kila kitu kingine kimesukumwa pembeni kikabaki utandu mwembamba kati ya vakuoli na ukuta. Na sio maji tu. Humo mna chumvi, sukari, tindikali, ile rangi nyekundu ya mchicha mwekundu inayochafua ugali, na kwenye muhogo mna kitu kinaitwa linamarini.

Linamarini ni sayanaidi iliyofungwa na sukari. Ikiwa imefungwa hivyo imetulia, inayeyuka kwenye maji, haiusumbui mmea. Wa kuifungua ni enzaimu (protini inayofanya kazi ya kikemikali) moja inaitwa linamarase, na hiyo haikai ndani ya vakuoli, inakaa nje kabisa, kwenye ukuta wa seli, na nyingine kwenye yale maziwa meupe yanayotoka ukikata bua. Kati yao kuna utando wa vakuoli, kuna saitoplazimu (ule ute unaojaza seli), kuna utando wa seli. Tando mbili nyembamba sana, za mafuta na protini, huwezi hata kuziona kwa darubini ya kawaida ya shule, ndizo zinazotenganisha chakula na sumu.

Mimi kilichonivutia zaidi ni namna hivi vitu viwili vinavyofika kila kimoja mahali pake, maana vyote vinaanzia seli moja. Kwenye kiini cha seli kuna DNA, na kwenye hiyo DNA kuna jeni za kutengeneza linamarini na jeni ya kutengeneza linamarase. Nakala ya jeni inatoka kiinini inaenda kwenye ribosomu, na ribosomu ndo zinazounganisha protini. Nyingi zimejipanga kwenye ule mtandao wa tando unaoitwa endoplazimiki retikulamu. Enzaimu zinazoanza kazi ya linamarini zinabaki zimeshikamana na tando hizo, zinachukua valini, ambayo ni asidi ya amino ya kawaida tu ya kujengea protini, zinaikatakata, alafu mwishoni enzaimu nyingine inabandika glukosi juu yake. Hiyo glukosi imetoka wapi? Inaanzia kwenye kloroplasti za jani. Majani machanga ya muhogo yana linamarini kwa wingi, na kutoka majani mmea unaisafirisha hadi mizizini.

Linamarase yenyewe njia yake ni nyingine. Ikishaunganishwa na ribosomu inaingia ndani ya mtandao, inafungwa kwenye vifuko vidogo, inapelekwa kwenye miili ya Golgi, huko inarekebishwa zile sukari zilizobandikwa juu yake, inapangiwa inaenda wapi, kisha inatolewa nje ya utando hadi ukutani. Jina hilo ni la daktari Mwitaliano Camillo Golgi, aliyeiona mwaka 1898 akichunguza seli za neva za bundi, na ajabu ni kwamba alichokiona kwenye ubongo wa ndege ndo kilekile kinachofanya kazi kwenye jani la muhogo. Kwenye hili mnyama na mmea hawana tofauti kubwa: kiini, ribosomu, mtandao, Golgi, mitokondria, wote tunazo.

Haya, sasa panya kaingia shambani, kang'ata mzizi. Meno yanapasua ukuta, vakuoli inapasuka, linamarini inamwagika inakutana na linamarase, sukari inabanduliwa, kinachobaki hakikai sana kinaachia sayanaidi. Ndani ya muda mfupi tu mdomoni pameshakuwa pachungu. Mmea umepoteza seli chache zilizokuwa zinaliwa tayari, zingine zote ziko salama.

Na hapa ndo unaelewa kinu cha kisamvu. Ukitwanga majani unafanya kazi ileile ya meno ya panya, unavunja seli makusudi ili hivyo viwili vikutane, sumu itengenezwe huko kinuni na iondoke. Inaondoka kweli, maana hidrojeni sayanaidi inachemka kwenye nyuzi 26 hivi, joto la kawaida kabisa la Mtwara au Tanga, kwaiyo inapaa hewani yenyewe. Ndo maana pia ni vizuri utwangie nje au penye upepo.

Utaratibu ni muhimu sana lakini, yaani kutwanga kwanza, kupika baadaye. Mtu akichukua majani mazima akayatupa kwenye maji yanayochemka anadhani moto utamaliza sumu, kumbe moto unamaliza enzaimu. Linamarase ni protini, ikipata joto inaharibika, wakati linamarini inavumilia joto vizuri tu. Matokeo yake umebaki na linamarini haijaguswa, na ukiimeza kuna bakteria tumboni wanaoweza kuifungua. Bibi zetu wa kisamvu na mama zetu wa sombe kule Bukavu na Goma hawakuwa na darubini, ila huo mpangilio waliushika na hawakuubadilisha, na nadhani wanastahili heshima zaidi ya ile tunayowapa.

Mzizi nao vilevile. Muhogo mchungu unamenywa, unalowekwa siku tatu hivi mpaka ulainike, na kulainika huko sio maji tu, ni vijidudu vinavyokula ile gundi ya pektini inayoshikanisha kuta za seli, ukuta ukilegea vitu vinakutana, sumu inatoka inaenda na maji na hewa. Alafu ndo unaanika. Makopa yaliyokatwa makubwa yakaanikwa juani bila kulowekwa yanakauka haraka huku seli nyingi hazijapasuka, linamarini inabaki humo ndani, inaenda mpaka kwenye unga. Unga unaonekana mweupe msafi, na bado sio salama. Kiwango cha juu kilichowekwa na FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, kwa unga wa muhogo ni miligramu 10 za sayanaidi kwa kilo.

Ikifika kwenye mwili wa mtu inafanya nini? Inatafuta mitokondria. Seli ya mnyama haina ukuta, haina vakuoli kubwa ya kuitengea, na nishati yake karibu yote inategemea mitokondria, humo chakula kinaunguzwa taratibu kwa oksijeni na kutoa ATP, kemikali inayobeba nishati ya seli. Hatua ya mwisho kabisa, ile ya kuipokea oksijeni, inafanywa na protini moja yenye chuma ndani yake, na sayanaidi inaenda kukaa palepale kwenye hicho chuma. Oksijeni inafika, imejaa kwenye damu, ila hamna wa kuipokea. Daktari anaweza kukuta hata damu ya kwenye vena, mishipa inayorudisha damu moyoni, bado ni nyekundu kabisa kwa sababu seli zimeshindwa kuichukua oksijeni yake. Ubongo na moyo ndo vinaumia mwanzo.

Kwa kiasi kidogo mwili unajitetea. Ndani ya mitokondria hizohizo, hasa za ini, kuna enzaimu inayochukua salfa na kuibandika kwenye sayanaidi, inageuka kuwa thayosayaneti ambayo inatoka na mkojo. Ila salfa hiyo inatoka kwenye protini tunayokula, samaki, nyama, maharage, mayai. Anayekula muhogo mtupu asubuhi na jioni salfa inamuishia.

Hapo ndo ugonjwa wa konzo unapoingia. Miguu inakakamaa ghafla, saa ingine mtoto amelala mzima anaamka hawezi kutembea vizuri, na haiponi. Wanaopata zaidi ni watoto na kina mama. Daktari Trolli aliuelezea mwaka 1938 huko Kwango, Kongo. Mwaka 1981 Nampula, Msumbiji, ulikumba zaidi ya watu 1,000 wakati wa ukame, na Tanzania uliwahi kutokea Tarime miaka ya 1980. Ukame unakuja kila mara kwenye habari hizi kwa sababu mbili: muhogo wenye kiu unaongeza linamarini, na watu wenye njaa wanapunguza siku za kuloweka.

Turudi kwa muhogo wenyewe, maana nao una mitokondria, na kiasi kidogo cha sayanaidi hutokea hata kwenye mmea mzima. Mimea ina njia ya pili ndani ya mitokondria, enzaimu nyingine inayopokea oksijeni ambayo sayanaidi haiiwezi. Nishati inayopatikana ni pungufu lakini seli haifi. Na ina enzaimu inayochukua sayanaidi na kuigeuza kuwa asidi ya amino ya kutumika tena. Sisi hiyo njia ya pili hatuna.

Mtama nao una ujanja wa namna hiyo, na wafugaji wanajua ng'ombe akiingia kwenye mtama mchanga anaweza kuanguka palepale. Ila mtama umepanga tofauti: sumu iliyofungwa iko kwenye vakuoli za seli za ngozi ya jani, na enzaimu iko kwenye kloroplasti za seli za ndani, kwaiyo ni seli tofauti kabisa.

Kama una unga wa muhogo mchungu nyumbani na huuamini kuna njia rahisi ya kuupunguzia sumu, imetumika Popokabaka huko Kongo kuzuia konzo: changanya unga na maji, utandaze mwembamba kama sentimita moja, uache saa 2 juani au saa 5 kivulini, alafu songa ugali wako siku hiyohiyo. Maji yanaipa linamarase iliyobaki kwenye unga nafasi ya kumalizia kazi.

Watafiti wa Marekani wameshapata muhogo ambao jeni mbili za kuanzisha linamarini, CYP79D1 na CYP79D2, zimezimwa. Unaweza kudhani wakulima wote wataukimbilia. Ila Nkhata Bay kule Malawi wakulima wanawake waliwaeleza watafiti kwamba mchungu wanaupanda makusudi, wezi na wanyama hawaugusi. Kwaiyo sidhani kama mbegu hiyo itawafaa wote. Penye nyani na nguruwe pori uchungu ndo ulinzi wa shamba, lakini kule kwenye ukame ambako maji ya kuloweka ni ya kugombania, naona itaokoa miguu ya watoto wengi.