Pembetatu Iko Juu ya Mstari: Weldi Inakaa Wapi?

Mafundi wengi wanaokuja kwangu kujiandaa na mtihani wa ufundi wana mikono mizuri. Wape mashine na rodi, weldi inalala vizuri na takataka inabanduka yenyewe. Shida inaanza nikiwawekea mchoro mezani. Nikiuliza weldi hii inakaa upande gani, najibiwa kwa kujiamini kabisa: "Mwalimu, alama iko juu, kwa hiyo tunachomelea juu." Jibu hilo nimelisikia kwa vijana waliotoka chuoni jana na kwa wazee wenye karakana zao. Leo naliandikia.

"Alama ikiwa juu ya mstari, weldi inapigwa upande wa juu"

Si kweli. Mstari wa rejea ni ule mstari mlalo unaobeba alama ya weldi, na kutoka kwake unatoka mshale unaogusa kiungo. Juu na chini ya mstari huo havihusiani kabisa na juu na chini ya chuma. Chuma kinaweza kugeuzwa mezani vyovyote utakavyo. Alama haigeuki nacho.

Kwenye michoro inayofuata kiwango cha Marekani, AWS A2.4, alama iliyo chini ya mstari inasema weldi inakaa upande ambao mshale unaugusa. Alama iliyo juu ya mstari inasema upande wa pili wa kiungo, ule ambao mshale haukuugusa. Zikiwepo zote mbili, chomelea pande zote mbili. Mshale uwe unatokea kushoto au kulia, uwe unapanda au unashuka, kanuni ni hiyo hiyo. Hata usomaji haugeuki: ukubwa wa weldi unaandikwa kushoto mwa alama, urefu wake kulia, na ule mstari wima wa pembetatu, ambayo ni alama ya fileti, yaani weldi ya kona, uko kushoto siku zote.

Chukua flati, yaani chuma bapa, iliyosimamishwa wima juu ya bati. Mshale unagusa kona ya kushoto, pembetatu iko juu ya mstari. Fundi wa "juu ni juu" anaangalia kiungo, haoni pa juu pa kuchomelea, basi anapiga pale pale mshale ulipogusa. Amekosea upande. Weldi ilitakiwa kona ya kulia. Pengine kona ya kushoto iliachwa tupu kwa makusudi kwa sababu kuna kipande kingine kitakuja kubana pale. Kikifika kitakutana na weldi, na hapo kazi ya nusu saa itageuka kuwa kusaga kutwa nzima kwa grainda.

Hiyo ni hasara ya pesa tu. Kuna kubwa kuliko hiyo. Weldi ya fileti ya upande mmoja ni dhaifu kwenye mzizi, yaani sehemu yake ya ndani kabisa ya kona. Ikiwa weldi iko kushoto na mzigo unaisukuma flati iinamie kushoto, mzizi unafunguka, na ufa unaanzia ndani ambako jicho halifiki. Kwa nje weldi bado inang'aa. Mhandisi alichagua upande kwa kuangalia mzigo unatokea wapi. Fundi akihamisha weldi amebadilisha hesabu yote bila kujua. Ndiyo maana napoteza subira mtu akiniambia "mwalimu, si imeshika tu?"

Sasa wapo walioishika kanuni ya Marekani vizuri, wakadhani ni ya dunia nzima. Hao nao wanapotea, tena kwa kujiamini zaidi. Kiwango cha kimataifa, ISO 2553, kina mifumo miwili. Mfumo B unafanana na wa Marekani. Mfumo A, ambao utauona sana kwenye michoro ya Ulaya, una mistari miwili sambamba: mmoja mzima, mwingine wa vistari vilivyokatika. Humo, alama iliyokaa kwenye mstari mzima ni ya upande wa mshale, na iliyokaa kwenye mstari wa vistari ni ya upande wa pili. Mstari wa vistari unaweza kuchorwa juu au chini ya ule mzima. Kwa hiyo utakuta pembetatu imekaa juu kabisa, juu ya mstari mzima, na maana yake ni upande wa mshale. Aliyekariri "juu ni upande wa pili" atachomelea kinyume.

Hili si jambo la ofisini. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, limewafanya vijana wengi watake vyeti vya kuchomelea, na miradi ya aina hiyo haina mchoro wa nchi moja. Hata karakana ndogo ya mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, inaweza kuletewa kipande cha mashine ya Ujerumani pamoja na mchoro wake. Kabla hujatafsiri alama yoyote, soma kisanduku cha maelezo kwenye kona ya chini kulia na maelezo ya jumla ya mchoro, ujue unafuata kiwango gani. Ukiona mstari wa vistari, umeshapata jibu.

Kwangu hakuna anayewasha mashine kabla hajaandika kwa chaki herufi M kwenye chuma, upande ambao mshale unaugusa. M ikishakaa, ndipo anarudi kwenye karatasi kusoma alama. Wengine wanaona nawasumbua kama watoto wa darasa la kwanza. Waone hivyo. Chaki ni shilingi mia, na M hiyo imeokoa kazi nyingi kuliko somo lolote ninalofundisha.

"Namba 6 ni milimita sita, hakuna cha kufikiria"

Milimita sita za nini? Kwenye mchoro wa Marekani namba iliyo kando ya pembetatu ni mguu wa fileti, yaani urefu unaopimwa juu ya chuma kutoka kona. Kwenye mfumo A wa ISO namba inatanguliwa na herufi: z ni mguu, a ni koo, yaani unene wa weldi kutoka kwenye mzizi hadi usoni. Fileti yenye a6 inahitaji mguu wa karibu milimita 8.5. Ukiipiga ya mguu wa 6, koo lako ni 4.2 hivi. Mkaguzi ataikataa, na atakuwa na haki.

"Nikizidisha weldi, nimeongeza nguvu"

Fileti ya mguu wa 6 ukiifanya 9 umeongeza nusu kwa macho, lakini chuma unachojaza ni mara 2.25. Rodi zinaisha, joto linaongezeka, bati linapinda, na mhandisi hakukuomba. Piga kilichoandikwa.

"50-150 ni kuchomelea 50, kuruka 150"

Hizi ni namba za weldi inayopigwa vipande vipande. Unaruka 100. Kwenye mtindo wa Marekani namba ya pili inapimwa kutoka katikati ya weldi moja hadi katikati ya inayofuata. Kwenye mfumo A wa ISO, namba iliyo ndani ya mabano ndiyo nafasi tupu yenyewe, kwa hiyo kazi hiyo hiyo itaandikwa 50(100). Ukiisoma ya Marekani kwa mtindo wa ISO unaishia na weldi chache kuliko zilizotakiwa, na hakuna atakayegundua hadi siku ya mzigo.

"Kipimo hakikuandikwa, nimepima kwa rula"

Usipime mchoro. Karatasi ya A3 ikichapishwa kwenye A4, mstari wa milimita 100 unakuwa kama 71. Na siku hizi mchoro unakuja kwa WhatsApp, umepigwa picha kwa pembeni, kivuli cha mkono juu yake. Kipimo kikikosekana, tafuta kwa kujumlisha na kutoa vile vilivyopo. Ukishindwa, piga simu kwa aliyechora.

"Picha iliyo kulia ni upande wa kulia"

Inategemea. Kwenye mtindo unaotumika Marekani, ndiyo: mwonekano kutoka kulia unachorwa kulia. Kwenye ule wa Ulaya, India na China, mwonekano kutoka kulia unachorwa kushoto. Alama ya koni iliyokatwa kichwa, ndani ya kisanduku cha maelezo, ndiyo inayokwambia. Ukiipuuza utatengeneza kipande kizuri sana kilichogeuka kama kwenye kioo.

"Bendera ni alama ya weldi muhimu"

Bendera kwenye kiungo cha mshale na mstari ina maana weldi hiyo inapigwa saiti, si karakanani. Ukiipiga karakanani, lori halitabeba mzigo wako. Duara dogo mahali hapo hapo linasema zunguka kiungo chote. Hizi zikariri tu.

"Kusoma michoro ni kwa waliosoma Kiingereza"

Hii inaniuma, kwa sababu inawafukuza mafundi wazuri kabla hawajajaribu. Alama za weldi ziliwekwa ili zisomwe bila lugha. Maneno yanayobaki ni machache na yanajirudia kwenye kila mchoro. Anza na TYP, kifupi cha neno la Kiingereza "typical": ikiandikwa kando ya alama, weldi hiyo inapigwa kila mahali panapofanana na hapo, hata pasipo na mshale. Fundi asiyeijua atachomelea kiungo kimoja na kuacha vingine saba, kisha abishane na mkaguzi kwamba mchoro haukusema.