Jengo la Kanisa Lina Kazi Gani?

Kanisa ni watu, si matofali. Kila aliyepita darasa la kipaimara anajua hivyo, na ni kweli: Paulo anatuma salamu kwa kanisa lililokutana nyumbani mwa Prisila na Akila (Rum 16:5). Lakini hata nyumba hizo hazikubaki zilivyokuwa. Huko Dura-Europos, Syria, wanaakiolojia walichimbua nyumba ya Wakristo ya kabla ya mwaka 256. Ukuta kati ya vyumba viwili ulikuwa umebomolewa ili watu waenee, na chumba kingine kimejengewa birika la ubatizo, juu yake ukutani amechorwa Mchungaji Mwema.

Hapo ndipo tunapoanzia sisi tunaofundisha liturujia, yaani utaratibu wa ibada. Ibada hutangulia, jengo hufuata. Na likikaa vizuri, jengo hufundisha hata siku ambayo mimbarini hakuna mtu.

Tazama Kanisa Kuu la Anglikana, Mkunazini, Unguja. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, enzi ya Sultani Barghash, na jiwe la msingi likawekwa palepale sokoni Krismasi ya mwaka huohuo. Ibada ya kwanza ilikuwa Krismasi, miaka michache baadaye. Kwa mapokeo ya mahali hapo, madhabahu iko pale uliposimama mti wa kufungia watumwa waliochapwa mijeledi, na duara la marumaru nyeupe sakafuni linaonyesha mahali penyewe. Anayekwenda kupokea Ekaristi hulikaribia duara hilo, atake asitake. Mwili wa Kristo uliovunjwa unatajwa mahali ambapo miili ilivunjwa kweli. Sijui mahubiri gani yangeeleza hilo vizuri zaidi. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi, amezikwa nyuma ya madhabahu hiyo. (Zipo pia nguzo zilizosimikwa juu chini. Waongoza watalii husema mafundi walikosea askofu akiwa safarini. Nashukuru hakuna aliyezing'oa.)

Sasa njoo kwenye vikao vyetu vya kamati za ujenzi. Mnara hujadiliwa jioni nzima, na vigae vya sakafu jioni nyingine. Birika la ubatizo linakumbukwa mwishoni, linaishia kuwa beseni juu ya meza ndogo pembeni, wakati mapokeo ya kale huliweka karibu na mlango kwa sababu ubatizo ndio mlango wa kuingilia. Mabati yanapigiliwa bila dari, kisha masika yakianza mchungaji anahubiri peke yake, maana mvua inamzidi sauti.

Mimi huwaomba wanakamati wachukue ramani ya fundi na kumfuata mtu mmoja kwa kidole, tangu getini. Kwanza mtoto anayeletwa kubatizwa. Halafu bibi mwenye mkongojo: ngazi ni ngapi, na pa kushika pako wapi? Mwisho marehemu. Mara nyingi hapo ndipo inapogundulika kwamba wabeba jeneza sita hawapiti kati ya mabenchi, na ramani inarudishwa kwa fundi.